Mkasi wa Sammy Baloji

Wanaume waliokufa zamani wamesimama kwenye vumbi la kiwanda ambacho nacho kimekufa. Wao hawana rangi, ni weusi na weupe tu, kama picha zote za enzi zao. Nyuma yao kila kitu kina rangi: kutu, mabati yaliyotoboka, magugu yaliyoota pasipopaswa kuota, anga iliyopauka kwa joto. Wanakutazama. Hawakuwahi kusimama mahali hapo kwa namna hiyo, wala kiwanda hakikuwahi kuonekana hivyo walipokuwa hai. Sammy Baloji ndiye aliyewaleta, kwa mkasi wa kompyuta, na mfululizo huo akauita Mémoire.

Baloji ni mzaliwa wa Lubumbashi, mkoani Katanga nchini Kongo, mwaka 1978. Alisoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akaanza kwa kuchora katuni kabla ya kushika kamera. Mémoire aliitengeneza kati ya 2004 na 2006, na miaka hiyo ina uzito wake kwa yeyote aliyeishi Katanga. Kampuni ya madini ya Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilikuwa imeporomoka hadi sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na kupewa jina la adabu, kuondoka kwa hiari. Baloji alipokwenda kupiga picha mabanda ya kampuni hiyo, magofu yalikuwa bado mabichi. Watu walioyatumikia walikuwa bado mitaani, wakisubiri haki zao.

Kwanza niseme juu ya ufundi wenyewe, kwa sababu wengi husifu wazo wakausahau mkono. Picha za Mémoire ni pana, upana wake unazidi kimo mara mbili na ushee. Upana huo haukutoka kwenye lenzi moja. Baloji alisimama, akapiga kipande baada ya kipande cha eneo lile, kisha akaviunga. Ndiyo maana jicho haliwezi kuizoa picha yote kwa mara moja. Inabidi utembee nayo, kama mtu anayevuka uwanja wa kiwanda kutoka lango hadi lango. Halafu wakaja watu. Aliwatoa kwenye hifadhi ya picha za kampuni yenyewe, picha zilizopigwa enzi ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya kikoloni iliyoitangulia Gécamines. Kumkata mtu kutoka kwenye picha ya zamani si kazi ya dakika mbili. Punje za filamu zimeyafanya mabega yaingiliane na ukuta wa nyuma. Ukingo wa sikio umepotelea kivulini. Kidole na mpini vimekuwa kitu kimoja. Ukikata kwa pupa, mtu anabaki kama karatasi iliyobandikwa. Baloji amekata kwa subira, na kisha amefanya jambo gumu zaidi: amewaweka mahali ambapo mstari wa macho yao unalingana na upeo wa eneo. Miguu inakanyaga ardhi, na ukubwa wao unakubaliana na mlango ulio nyuma. Kwa nukta moja unaamini kwamba wapo.

Kisha unaona kwamba hawapo. Hakuwapaka rangi, ingawa angeweza. Programu ile ile iliyomkata mtu ingeweza kumpaka ngozi ya kahawia na kaptula ya kaki, na picha ingepita mbele ya macho yetu bila maswali. Amewaacha na weusi na weupe wao ili mshono uonekane. Fundi cherehani hodari huficha mshono upande wa ndani wa nguo. Huyu ameugeuza nje makusudi, na kwangu mimi sifa yake kubwa ipo hapo.

Maana picha alizozikata zilikuwa za mafundi wa kuficha. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, ikaanza kuyeyusha shaba mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, na tangu mapema ilijua thamani ya kamera. Ilikuwa na wenye hisa Ubelgiji waliotaka kuona fedha zao zimekwenda wapi, na serikali iliyotaka kuonyesha dunia kwamba mambo ya Mfalme Leopold wa Pili yamekwisha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilipoamua kuwatuliza wafanyakazi kwa kuwaruhusu kukaa na wake zao kambini, kamera iliingia hadi jikoni: nyumba zilizopangwa mstari, watoto wakipimwa uzito zahanati, wanafunzi kwenye madawati, mwanamke akipokea posho. Karibu yote ni kweli. Zahanati ilikuwepo, mtoto alipimwa, posho ilitolewa. Wanaodhani propaganda ni uongo watazunguka kwenye albamu hizo siku nzima wasikamate hata mmoja. Picha moja moja haina kosa. Kosa lipo kwenye kile ambacho hakikupigwa, na kwenye maelezo mafupi ya chini yanayomwambia mtazamaji amekwisha kuona kila kitu, sasa ageuze ukurasa.

Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai nyongeza ya mshahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville. Askari waliwapiga risasi na kuwaua makumi, akiwemo kiongozi wao, Léonard Mpoyi. Albamu za kampuni hazikutengenezwa ili zikumbuke siku kama hiyo. Funika kombe, mwanaharamu apite.

Miaka ya 1950 kazi hii ilipata ofisi yake rasmi. Idara ya habari ya koloni ilikuwa na kitengo cha picha, Congopresse, kilichosambaza picha kwa magazeti ya Kongo na ya nje. Humo unamkuta yule aliyeitwa évolué, Mwafrika "aliyeendelea": tai shingoni, redio mezani, baiskeli mlangoni, mke na watoto kwenye kochi. Mwaka 1956 kitengo kilimwajiri Joseph Makula, aliyekuwa amehudumu kwenye jeshi la koloni, akawa Mkongo wa kwanza kupiga picha kwa ajili yake. Namtaja kwa heshima. Jicho lake lilikuwa la mtu anayejua taa na anayejua watu, na baadhi ya sura alizozipiga zina utulivu ambao hakuna mwajiri anayeweza kuuagiza. Fundi mzuri anaweza kufanya kazi ndani ya propaganda na bado kitu cha kweli kikapenya vidoleni mwake. Lakini hakuwa yeye aliyeamua picha ipi itoke na ipi ibaki kwenye droo.

Sasa tuje kwenye nzi.

Kuna picha ya zamani ya Élisabethville ambayo Baloji aliikuta hifadhini na kuifanya mlango wa kazi yake ya mwaka 2013, aliyoiita kwa Kiingereza Essay on Urban Planning. Inaonyesha wanaume na marundo ya nzi waliokufa. Habari yake ni hii: katika kampeni ya usafi, mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 kila siku ndipo apewe posho yake. Fikiria kazi hiyo. Mtu ametoka zamu kwenye tanuri, mikono inanuka moshi, na kabla ya kula anaanza kuwinda nzi, anawahesabu, anaogopa kukosea kwenye 47. Picha yenyewe haina ukatili wowote wa wazi: hakuna kiboko, hakuna damu. Ilipigwa kama ushahidi wa maendeleo, na bila shaka ofisa aliyeitazama aliona usafi wa kupongezwa. Ukiitazama leo bila maelezo yoyote, huenda ukatabasamu kwanza.

Baloji hakuigusa. Hakukata mtu, hakuongeza kitu. Alichofanya ni kuipa majirani. Ameiambatanisha na picha zake 12 za rangi. Nusu yazo amezipiga kutoka angani juu ya Lubumbashi, zinaonyesha ule ukanda uliotenga mji wa wazungu, ambao leo ndio kiini cha komuni ya Lubumbashi, na mitaa ya Waafrika. Wakoloni waliuita ukanda wa afya. Ulitakiwa uwe na upana usiopungua meta 500, kwa hoja kwamba huo ndio mwendo wa juu ambao mbu wa malaria anaweza kuruka. Nusu nyingine ni picha za visanduku vya wadudu kutoka Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi: wadudu waliochomwa pini, mmoja mmoja kwenye mstari wake.

Ziangalie zikiwa zimepangwa pamoja, angani, wadudu, angani, wadudu. Kwa mbali mpangilio wa pini na mpangilio wa mapaa unaanza kufanana hadi unashindwa kuamua ni upi mji na upi mkusanyo. Sijui mwandishi wa habari ambaye angeweza kueleza ubaguzi wa makazi wa Élisabethville kwa maneno machache hivyo. Mbu ametajwa kama sababu, Mwafrika ametengwa kama mbu, na yule aliyetengwa ndiye anayetumwa kukamata nzi ili apate chakula. Hakuna mstari hata mmoja wa shutuma ulioandikwa ukutani. Kazi hii ilionyeshwa Venice mwaka 2015, ndani ya banda la Ubelgiji. Banda la Ubelgiji! Natamani ningeona nyuso za wageni wa siku ya kwanza.

Hapa kuna mtu wa gazeti atakayekunja uso. Katika chumba cha habari, kumhamisha mtu kutoka picha moja hadi nyingine ni kosa la kufukuzwa kazi. Agosti 2006, mwaka ule ule Mémoire ilipokamilika, shirika la Reuters liligundua kwamba mpiga picha wake wa kujitegemea aliongeza moshi kwenye picha ya Beirut baada ya shambulio la mabomu. Moshi tu! Beirut ilikuwa inaungua kweli, wala hakuna aliyebisha. Hata hivyo Reuters ilivunja uhusiano naye na kuziondoa picha zake zote 920 kwenye mauzo. Walifanya sawa. Mtazamaji wa picha ya habari amepewa ahadi kwamba alichokiona mpiga picha ndicho anachokiona yeye. Moshi ule uliongezwa kwa siri, nao uliongezwa ili mtazamaji asijue.

Kwa kipimo hicho hicho, Baloji aliyebadilisha mengi kuliko yule aliyeongeza moshi hajavunja ahadi yoyote. Ameacha alama za mkasi wake mahali zinapoonekana. Unajua nani aliletwa na nani alikuwepo. Unajua kuna miaka kati yao. Unaweza kurudi hifadhini ukaitafuta picha ya asili na kulinganisha. Ndiyo maana naona kigezo cha kutenganisha picha ya habari na propaganda hakiko kwenye swali kama picha ilipangwa au haikupangwa, wala kama mpigaji ana upande au hana. Swali ninaloliuliza mimi ni kama picha inakubali kuhojiwa: huyu ni nani, hapa ni wapi, ilikuwa lini, nani alilipa, kulia kwa fremu kuna nini? Nyingine hujibu, au walau hukuonyesha mlango wa kugonga. Nyingine zimejengwa ili usifike kwenye swali.

Mfano mgumu upo hapa hapa Kongo, mbali na Katanga, kwenye misheni ya Baringa. Mei 1904, mtu aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika akiwa amebeba kitu kwenye majani. Kilikuwa mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano hivi, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimketisha Nsala barazani, mabaki yakiwa mbele yake, akapiga. Picha imepangwa, hilo halina ubishi. Iliingia moja kwa moja kwenye kampeni dhidi ya Leopold, ikazungushwa Uingereza na Marekani kwenye mihadhara ya picha za taa, kwa lengo la wazi la kuwageuza watu mioyo. Kwa sheria za leo za chumba cha habari, mhariri angeuliza maswali makali. Lakini jibu la kila swali lipo: jina la baba, jina la mtoto, kijiji, mwezi, kampuni, jina la aliyeshika kamera. Mtu angeweza kupanda meli kwenda kuthibitisha. Kwa hiyo imesimama zaidi ya miaka 100 bila kuanguka, ingawa ilizaliwa ndani ya kampeni.

Na kipimo hiki kinamrudia Baloji pia, sitaki kumbembeleza. Wanaume wa Mémoire hawana majina. Picha zenyewe hazina vichwa, zina namba tu. Kampuni ilimjua mfanyakazi kwa namba yake ya kazi, na leo mjukuu wake akiingia kwenye ukumbi wa maonyesho Ulaya atamkuta babu yake bado ana namba. Nafahamu kwamba msanii hawezi kurudisha jina ambalo hifadhi haikuandika. Kuwabunia majina kungekuwa kuongeza moshi. Ila pengo hilo linauma, na nadhani linatakiwa liume.

Lubumbashi ina desturi yake ya kujaza mapengo ya aina hii, na haikuanzia kwenye kamera. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipokamatwa, Desemba 1960, kamera za mashirika ya habari zilikuwepo. Askari walimwonyesha mbele ya waandishi akiwa amefungwa mikono, wakivuta nywele zake, wakidhani wanamdhalilisha. Picha zile zilipofika duniani zilifanya kazi kinyume kabisa na ilivyokusudiwa. Waliomsafirisha hadi Élisabethville tarehe 17 Januari 1961 hawakuita kamera. Usiku ule alipigwa risasi pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na karibu wiki nne baadaye Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga, aliwatangazia waandishi kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Alipotakiwa kutaja kijiji, alikataa. Habari bila jina la mahali: hapo ndipo propaganda hujitaja yenyewe.

Hapakuwa na picha, basi wachoraji wakaichukua kazi. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyekuwa akiuza michoro yake kwa watu wa kawaida waitundike sebuleni, alichora historia ya nchi nzima katika michoro ipatayo 100 aliyomkabidhi mwanaanthropolojia Johannes Fabian mwaka 1973 na 1974, wakati Fabian alipokuwa akifundisha chuo kikuu mjini humo. Alijiita mwanahistoria. Alichora mauaji ya uwanja wa mpira ya 1941. Alichora kifo cha Lumumba. Kila mtu aliyenunua mchoro alijua Tshibumba hakuwepo uwanjani. Naye hakujifanya alikuwepo: jina lake lipo kwenye kitambaa, na aliyeona vingine aliweza kumfuata mtaani wakabishana. Namwona Baloji kama mrithi wa kiti hicho. Mwaka 2008, yeye na mwandishi Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha kituo cha Picha mjini Lubumbashi, na maonyesho yake ya kila baada ya miaka miwili yamewapa vijana wa Katanga mahali pa kupigia kelele kazi zao bila kungoja Paris au Brussels.

Kazi ya Baloji ninayoirudia mara nyingi kuliko zote ni nyingine tena, Kolwezi, aliyoianza mwaka 2009. Humo hakuna hifadhi ya kikoloni. Kuna machimbo ya wachimbaji wadogo, ardhi imefukuliwa hadi imekuwa nyekundu tupu, na mahema ya turubai na plastiki ambamo watu wanalala. Kando ya kila eneo ameweka bango la rangi kali lililochapwa China, la aina inayouzwa sokoni na kubandikwa kwenye kuta za nyumba na vilabu: jumba la kifahari lenye bwawa, maporomoko ya maji, mabustani yasiyo na msimu, magari yakiwa yamepangwa mbele ya majengo ambayo hayapo nchi yoyote. Mabango hayo yenyewe ni picha za kubandika. Mlima umetoka huku, ua limetoka kule, jua linawaka pande mbili, na mshono umefichwa kwa uangalifu mkubwa.

Mwanzoni nilidhani Baloji anacheka. Kadiri ninavyozitazama, sioni kejeli. Amelipiga picha bango kwa uangalifu ule ule aliolipiga shimo, akayapa ukubwa wa kuheshimiana. Wachimbaji wa Kolwezi wamepigwa picha sana tangu kobalti ilipopanda bei. Kampuni zimewapiga wakiwa na kofia ngumu na tabasamu, mashirika ya misaada yamewapiga watoto wao wakiwa na vumbi usoni, na kila upande umechagua fremu inayofunga mjadala wake. Sijaona kati yao aliyegeuza kamera aone ukutani mwa mchimbaji pametundikwa nini. Ile albamu ya Union Minière mfanyakazi hakuulizwa. Aliambiwa asimame pale, akasimama. Bango hili la bwawa na maporomoko mchimbaji amelichagua mwenyewe kwenye rundo, akapatana bei, akalipa kwa fedha iliyotoka shimoni, akaenda kutafuta misumari.